Pale Ushahidi Unapokoma: Tathmini ya Kazi za Karl Lachmann katika Uhariri wa Fasihi ya Kijerumani ya Zama za Kati

Ikisiri

Makala hii inatathmini kazi na nyaraka za Karl Lachmann (1793–1851), msomi aliyeweka misingi ya uhariri wa kitaalamu wa fasihi ya Kijerumani ya Zama za Kati. Makala inaonesha kuwa Lachmann alifuata njia mbili zisizopatana. Katika Agano Jipya na katika Lucretius alifika pale ushahidi wa miswada ulipomfikisha na kusimama hapo. Katika Nibelungenlied na katika usanifishaji wa lugha ya washairi alivuka mpaka huo bila kumwonya msomaji. Madhara ya njia hii ya pili yalidumu zaidi ya karne moja. Makala inahitimisha kwa kuonesha mambo ambayo wahariri wa miswada ya Kiswahili, pamoja na wanaowashauri watunga sera, wanaweza kujifunza kutokana na njia hizo mbili.

1.0 Utangulizi

Mtu anayesoma mashairi ya Kijerumani ya karne ya 12 na ya 13 hukutana na mkono wa Karl Lachmann hata pale jina lake lisipotajwa. Nyimbo za Walther von der Vogelweide bado hurejelewa kwa namba za kurasa na mishororo ya toleo alilolichapisha mwaka 1827. Mgawanyo wa Parzival ya Wolfram von Eschenbach katika vitabu 16, na katika mafungu ya mishororo 30, unatoka katika toleo lake la mwaka 1833. Alama ya kofia juu ya irabu ndefu, ambayo wanafunzi huiona kama sehemu ya lugha yenyewe, ni kawaida ya uchapaji iliyoenezwa na matoleo yake. Miswada yenyewe kwa kawaida haina alama hiyo.

Mhariri mwenye athari ya namna hii anastahili kuhakikiwa kwa kipimo kilekile kinachotumika kwa mwandishi. Makala hii haikusudii kurudia sifa ambazo wanafunzi wake walimmiminia, wala kujiunga na wale ambao katika miongo ya karibuni wamelifanya jina lake kuwa kisingizio cha kila kosa la uhariri. Swali linaloulizwa ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mhariri asimame wapi?

2.0 Maisha na Upeo wa Kazi Zake

Lachmann alizaliwa Braunschweig tarehe 4 Machi 1793. Alisoma Leipzig kisha Göttingen, ambako Georg Friedrich Benecke alimwelekeza kwenye ushairi wa Kijerumani cha kale. Mwaka 1816 alichapisha toleo la mshairi wa Kilatini Propertius pamoja na insha kuhusu umbo la awali la utenzi wa Nibelungen. Tangu mwanzo, basi, alikuwa na mguu mmoja katika Kilatini na mwingine katika Kijerumani. Alifundisha Königsberg, akawa profesa huko mwaka 1818, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1825. Mwaka 1830 aliingia katika Akademia ya Sayansi ya Berlin. Alifariki katika mji huo tarehe 13 Machi 1851.

Upeo wa matoleo yake unashangaza. Mwaka 1826 alitoa utenzi wa Nibelungen pamoja na Klage. Mwaka 1827 alitoa Walther na, kwa kushirikiana na Benecke, Iwein ya Hartmann von Aue. Wolfram alifuata mwaka 1833. Katikati ya kazi hizo alihariri Agano Jipya la Kigiriki, lililotoka mwaka 1831 na kwa upana zaidi kuanzia 1842 hadi 1850, na maandishi ya Lessing katika juzuu 13. Lucretius alitoka mwaka 1850, miezi michache kabla ya kifo chake. Mkusanyo wa nyimbo za mapenzi za karne ya 12, Des Minnesangs Frühling, ulikamilishwa na Moriz Haupt na kuchapishwa mwaka 1857.

Orodha hii ina maana zaidi ya kuonesha bidii. Lachmann aliamini kwamba ushairi wa lugha ya mama unastahili ukali uleule wa kitaalamu uliotengwa kwa Kigiriki na Kilatini. Kabla yake, mashairi haya yalichapishwa mara nyingi kutoka katika muswada wowote uliokuwa karibu na mchapishaji. Baada yake, mhariri alitakiwa kuitafuta miswada, kuilinganisha, kupima uhusiano wake, na ndipo aamue. Heshima hiyo kwa fasihi ya lugha ya kienyeji ndiyo sehemu ya urithi wake isiyopingika.

3.0 Kusimama kwenye Mpaka wa Ushahidi

Ubora wa Lachmann unaonekana zaidi katika Agano Jipya. Wahariri waliomtangulia walikuwa wakirekebisha kidogo kidogo matini iliyozoeleka katika vitabu vilivyochapwa tangu karne ya 16. Lachmann aliiweka kando matini hiyo na kuanza upya kutoka kwa mashahidi wa kale. Hata hivyo, hakudai kuyarudisha maneno yaliyotoka katika kalamu ya wainjili. Lengo alilolitangaza lilikuwa kuithibitisha matini iliyosomwa kanisani mwishoni mwa karne ya 4, kwa sababu mashahidi aliokuwa nao hawakumruhusu kwenda mbali zaidi. Pale mashahidi walipokubaliana juu ya neno ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa na kasoro, alilichapa kama lilivyo. Kupokea ushahidi kulikuwa hatua moja. Kusahihisha kulikuwa hatua nyingine, na msomaji alipaswa kujua ipi imefanyika wapi.

Lucretius anaonesha nguvu hiyo kwa namna nyingine. Mojawapo ya miswada miwili mikuu iliyohifadhiwa Leiden ina vipande vinne, kila kimoja cha takriban mishororo 52, vilivyohamishwa kutoka mahali pake hadi mwisho wa kitabu. Kutokana na urefu huo unaolingana, Lachmann alionesha kwamba karatasi zilichomoka katika nakala ya kale iliyopotea, na kwamba kila ukurasa wa nakala hiyo ulikuwa na mishororo 26. Alikieleza kitu ambacho hakuna aliyekiona, lakini kila hatua ya hoja yake ilitegemea jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulihesabu upya. Hapo makisio ya mhariri ni halali, kwa kuwa yako wazi kupimwa.

Ni haki kuongeza kwamba si yote yanayobeba jina lake ni yake. Sebastiano Timpanaro, katika utafiti wake wa mwaka 1963 kuhusu chimbuko la njia hii, alionesha kuwa vipengele vyake vingi vilikuwa vimekwisha kutumiwa na wengine, na kwamba michoro ya nasaba ya miswada inayoitwa ya Kilachmann haimo katika vitabu vya Lachmann. Jacob Bernays alikuwa ameipanga miswada ya Lucretius miaka michache kabla yake. Jina la Lachmann likawa mwavuli wa kazi ya kizazi kizima.

4.0 Kuvuka Mpaka: Utenzi wa Nibelungen

Katika Nibelungenlied tunamwona Lachmann mwingine. Utenzi huu uliotungwa karibu na mwaka 1200 umetufikia kupitia mashahidi zaidi ya 30, wengi wao vipande tu. Mikuu ni mitatu, inayojulikana kwa herufi A, B na C. Muswada A una beti zipatazo 60 pungufu ya B; C una beti nyingi kuliko yote na simulizi iliyopangwa upya. Tofauti hizo zinagusa maana. Katika C, hatia ya Kriemhild, anayelipiza kisasi cha mumewe hadi ukoo wake unateketea, inapunguzwa, na lawama inazidishwa kwa Hagen, muuaji wa mume huyo. Hata neno la mwisho la utenzi linatofautiana: A na B inafunga kwa neno lenye maana ya maangamizi, na C inafunga kwa neno lenye maana ya utenzi. Mhariri anayechagua muswada anachagua pia hukumu juu ya mhusika.

Lachmann aliuchagua A kwa sababu ulikuwa mfupi, akiamini kuwa ufupi ni alama ya ukale. Uchaguzi huo uliegemea nadharia aliyokuwa nayo kabla ya kuipima miswada. Friedrich August Wolf alikuwa amedai mwaka 1795 kwamba tenzi za Homer ziliunganishwa kutoka katika nyimbo zilizokuwa zikiimbwa. Lachmann aliihamishia hoja hiyo kwenye utenzi wa Kijerumani, na katika maelezo yake ya mwaka 1836 akaugawa katika nyimbo 20, huku beti nyingi akizihukumu kuwa ni nyongeza za baadaye. Hakuna muswada hata mmoja unaozionesha nyimbo hizo zikiwa zimetengana. Mtu yuleyule aliyekataa kwenda nyuma ya karne ya 4 katika Agano Jipya alikwenda hapa nyuma ya mashahidi wote, tena kwa sauti ya mtu aliyeona.

Majibu yalikuja haraka. Mwaka 1854 Adolf Holtzmann na Friedrich Zarncke waliutetea muswada C. Karl Bartsch aliuchagua B, na toleo lake la mwaka 1870 likawa msingi wa matoleo mengi ya baadaye. Mwaka 1900 Wilhelm Braune alichora nasaba ya miswada iliyoonekana kumaliza ugomvi. Helmut Brackert alionesha mwaka 1963 kwamba nasaba hiyo haisimami, na kwamba miswada haiwezi kurudishwa kwa uhakika kwenye nakala mama moja. Joachim Bumke alipeleka hoja mbele mwaka 1996 katika utafiti wake wa Klage, akieleza kuwa matini za aina hii zilikuwa na matoleo sambamba yenye hadhi sawa tangu karibu na chimbuko lake. Miswada A, B na C iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009, yote mitatu kwa pamoja. Uamuzi huo, kwa bahati au kwa makusudi, unaafikiana na Bumke kuliko Lachmann.

Isingefaa kumlaumu Lachmann kwa kutojua yaliyogunduliwa baada yake. Kasoro yake iko kwingine. Alikuwa na kanuni nzuri na aliitumia alipokuwa na mashaka. Alipokuwa na imani, aliiacha.

5.0 Lugha Iliyotengenezwa na Mhariri

Kasoro hiyo ilizaa matunda ya kudumu zaidi katika lugha. Katika dibaji ya mkusanyo wake wa mwaka 1820, Lachmann alisema kwamba washairi wa karne ya 13 walitumia Kijerumani kimoja thabiti, isipokuwa mambo machache ya kilahaja, na kwamba tofauti nyingi zinazoonekana katika miswada zilitokana na wanakili wasio na elimu. Kutokana na imani hiyo aliyaandika mashairi yote kwa tahajia moja na kurekebisha maneno yaliyovunja kanuni za mizani kama alivyozielewa yeye.

Msingi wa hoja yake haukuwa mbovu. Aliegemea vina. Mnakili anaweza kubadili neno katikati ya mshororo bila kuonekana, lakini akibadili neno la kina huacha jeraha, kwa maana sauti mbili zilizokuwa zikiitikiana hukoma kuitikiana. Vina, basi, ni shahidi wa matamshi ya mshairi mwenyewe. Tatizo ni kwamba vina vinashuhudia miisho ya mishororo tu. Lachmann aliueneza ushahidi wa miisho hiyo juu ya matini nzima, na juu ya washairi wa maeneo tofauti. Hermann Paul alihoji mwaka 1873 kama lugha hiyo moja ya maandishi iliwahi kuwapo, na swali lake halijapoteza uzito.

Usanifishaji huo ulikuwa na faida halisi. Kamusi ziliwezekana, sarufi zikafundishika, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akaweza kusoma Hartmann na Wolfram kwa msaada wa kitabu kimoja cha sarufi. Gharama yake ni kwamba vizazi vya wasomi vilichambua lugha ya mhariri vikidhani vinachambua lugha ya mshairi. Kanuni za tahajia zilithibitishwa kwa mifano iliyochotwa katika matoleo yaliyoandikwa kwa kanuni hizohizo. Hoja ilikuwa ikijizunguka yenyewe, na wachache waliliona hilo kwa kuwa miswada ilikuwa mbali na matoleo yalikuwa mezani.

6.0 Nyaraka Zake na Sababu Zilizofichwa

Matoleo ya Lachmann hutoa tofauti za miswada kwa ufupi mkubwa na mara nyingi hayaelezi kwa nini neno hili limechaguliwa na lile limeachwa. Alidhani msomaji anayestahili ataziona sababu mwenyewe. Ndiyo maana nyaraka zake nyingine zina thamani ya pekee. Insha zake zilikusanywa mwaka 1876 katika juzuu mbili, moja chini ya Karl Müllenhoff na nyingine chini ya Johannes Vahlen. Barua zake na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm zilichapishwa na Albert Leitzmann mwaka 1927. Humo maamuzi yanaonekana yakiwa bado moto: neno linapendekezwa, linapingwa, linaachwa, linarudishwa. Mhariri anayezungumza kama hakimu katika toleo anaonekana katika barua akiwa mtafiti anayesitasita kama wengine.

Jacob Grimm, katika hotuba ya kumkumbuka mbele ya Akademia mwaka 1851, aliwagawa wanafilolojia katika makundi mawili: wanaoyafuata maneno kwa ajili ya mambo, na wanaoyafuata mambo kwa ajili ya maneno. Alimweka Lachmann katika kundi la pili. Ilikuwa sifa iliyobeba ukosoaji wa kirafiki. Kwa Lachmann, shairi lilikuwa kwanza matini ya kuthibitishwa. Watu waliolitunga, kulinakili na kulisikiliza walikuja baadaye, na wanakili hasa walionekana kama chanzo cha uchafu tu.

Wahenga wa Kiswahili walisema, mficha uchi hazai. Mhariri anayeficha sababu zake huwaachia warithi hukumu badala ya elimu. Warithi hao walitumia zaidi ya karne moja kuchimbua upya mambo ambayo kurasa chache za maelezo zingeyaweka wazi. Toleo la 36 la Des Minnesangs Frühling, lililohaririwa na Hugo Moser na Helmut Tervooren mwaka 1977, liliirudia miswada na kuyaondoa masahihisho mengi yaliyokwisha kuzoeleka. Mradi wa Parzival mjini Bern, ulioongozwa na Michael Stolz, unayaweka matoleo manne ya matini hiyo ubavu kwa ubavu ili msomaji ayaone kwa pamoja.

7.0 Funzo kwa Uhariri wa Miswada ya Kiswahili

Uhusiano wa suala hili na Kiswahili ni wa moja kwa moja. Wasomi waliofunzwa katika utamaduni wa filolojia ya Kijerumani ndio waliochapisha sehemu kubwa ya tenzi za kale: C. G. Büttner mwaka 1894, Carl Meinhof mwanzoni mwa karne ya 20, na Ernst Dammann, ambaye kitabu chake cha mashairi ya lahaja ya Lamu kilitoka Hamburg mwaka 1940. Dammann alifanya kazi Lamu na Muhammad Kijuma, ambaye pia alimnakilia William Hichens miswada mingi. Kijuma alikuwa mnakili, lakini pia mshairi na fundi wa mwandiko. Kumchukulia mtu kama huyo kuwa chanzo cha makosa, kwa mtindo wa Lachmann, ni kukosa kumwona mmoja wa waundaji wa fasihi yenyewe.

Hati ya Kiarabu inalifanya suala hili kuwa zito zaidi. Katika mwandiko wa kale, irabu i na e hubebwa na alama moja, na u na o kwa alama nyingine moja. King'ong'o kabla ya konsonanti mara nyingi hakiandikwi. Neno lililoandikwa kwa namna moja laweza kusomwa kuku au koko. Hivyo kila unukuzi kwa herufi za Kirumi ni uamuzi wa kihariri, na hakuna toleo lisilo na mkono wa mtu. Kinachotofautisha toleo moja na jingine ni kama mkono huo unaonekana.

Usanifishaji nao una historia yake. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kusimamia lugha ikaundwa mwaka 1930. Tofauti na Kijerumani cha Lachmann, usanifu huu una tarehe na sababu zinazojulikana, na hakuna anayeweza kudai kuwa ndiyo lugha ya Mwengo wa Athumani, mtunzi wa Utendi wa Tambuka. Hata hivyo, hatari ni ileile. Mhariri anayebadili moya ya Kiamu kuwa moja, au ndia kuwa njia, kwa nia njema ya kumsaidia mwanafunzi, anaweza kukiua kina ambacho mshairi alikijenga kwa -ya au kwa -dia. Akifanya hivyo kimyakimya, amefuta ushahidi uleule ambao Lachmann mwenyewe aliuona kuwa wa kuaminika kuliko wote.

Leo swali hili limetoka katika meza za wahariri na kuingia katika ofisi za sera. Tenzi zinaingizwa katika mitaala, katika kanzidata na katika programu za kompyuta zinazojifunza lugha kutokana na matini. Matini iliyosanifishwa bila maelezo ikishaingia humo, itanakiliwa kwa kasi ambayo hakuna mnakili wa zamani aliyewahi kuifikia. Mambo manne yanastahili kupewa uzito na wanaogharimia kazi hizi. Kwanza, picha za miswada na unukuzi mwaminifu vitangulie toleo lililohakikiwa, na visihesabiwe kuwa hatua ya maandalizi tu. Pili, utenzi wenye miswada inayotofautiana kwa kiasi kikubwa uchapishwe katika matoleo yake yote. Tatu, kila toleo la shule linalosanifisha lahaja liseme hivyo waziwazi na kuonesha lilichobadili. Nne, barua na daftari za wahariri zihifadhiwe pamoja na miswada. J. W. T. Allen aliorodhesha mwaka 1970 miswada na kanda zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Orodha za namna hiyo zikikosa kumbukumbu za maamuzi ya wahariri, mtafiti wa kesho atajua kilichopo bila kujua kilifikaje.

8.0 Hitimisho

Karl Lachmann aliwafundisha wasomi wa Ulaya kuuliza shahidi ni nani kabla ya kuamini neno. Somo hilo halijachakaa. Alipolitii mwenyewe, katika Agano Jipya na katika Lucretius, aliacha kazi ambazo hata wapinzani wake wamejengea juu yake. Alipolivuka, katika nyimbo 20 za Nibelungen na katika Kijerumani kimoja cha washairi wote, aliacha majengo yaliyohitaji karne moja na zaidi kubomolewa, kwa sababu hayakuonesha mahali ushahidi ulipoishia na makisio yalipoanzia. Miswada ya Kiswahili iliyo Dar es Salaam, London, Hamburg na katika nyumba za watu wa pwani bado ina nafasi ya kuepushwa na gharama hiyo. Mingi haijahaririwa hata mara moja, na mhariri wake wa kwanza ndiye atakayeamua kama msomaji ataoneshwa mpaka huo au atafichwa.